Rojo la Harusi ya Mwaisha

Mwaka ule wa nzige, migunga yote iliyokuwa karibu na mji wa Shinyanga ilikuwa imechubuliwa. Watoto waliifuata tangu asubuhi, wakabandua utomvu wake kwa kucha na kuutafuna. Kwa hiyo Bi Mwamvua aliponiuliza nitabandikia nini mapambo ya harusi ya binti yake, sikuweza kumwambia gundi ya mgunga, ingawa ndiyo niliyoizoea. Nikamwambia unga.

"Unga gani?"

"Wowote, Bi. Ukipikwa rojo unashika."

Akafikiri kidogo. "Minyororo na vibendera utabandika kwa unga wa muhogo. Lakini maua meupe ya kitandani nayataka meupe kweli, yasiwe na doa. Hayo nitakutolea unga wa ngano."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele pale uani waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha. Nyumba ile ilikuwa na chakula. Mzee Hatibu, mume wa Bi Mwamvua, alikuwa mnunuzi wa ngozi, na mwaka ule ng'ombe walikuwa wakifa kila upande. Wasukuma walileta ngozi kutoka vijijini wakiwa wamezibeba vichwani, wakaondoka na vifurushi vidogo vya nafaka. Watu walimsema Mzee Hatibu, lakini walimsalimu.

Mimi jina langu ni Melania, na nilizaliwa Ushirombo. Nilisoma shule ya masista mpaka darasa la tatu, halafu baba akafa, nikaletwa Shinyanga kwa mama mdogo ambaye alifua nguo za watu. Hata shule yenyewe sikuiweza vizuri. Niliposimamishwa mbele ya wenzangu nisome, maneno niliyaona kitabuni lakini koo lilifunga. Sista mmoja mzee alinionea huruma, akawa ananiita baada ya masomo nimsaidie kukata maua ya karatasi ya altare. Alinifundisha kukunja karatasi laini ya shashi mara nyingi na kukata petali zote kwa mkasi mmoja, kuzikunja ncha kwa mgongo wa kisu, na kulichovya ua katika nta iliyoyeyushwa ili ling'ae kama lina umande. Kazi ile haikutaka sauti.

Habari za maua yangu zilimfikia Bi Mwamvua kupitia nguo. Mama mdogo alimpelekea kanga zake zilizofuliwa, na mimi nilikuwa nimechomeka ua moja la karatasi katika fundo la furushi. Kesho yake nikaitwa.

Nilipewa ukumbi wa nyuma, karibu na jiko. Shashi nyeupe na ya waridi ilinunuliwa dukani, na kwa minyororo nilikata makaratasi yaliyofungiwa sukari na sabuni, nikayatia rangi ile wanawake wanayotilia ukili wa mikeka. Vikonyo vya maua nilivifanya kwa mabua ya mtama. Na wa kunipikia rojo na kunichotea maji akaletwa Mbuke.

Mbuke alikuwa Msukuma, mwanamke mrefu, aliyekuwa mnene zamani. Ngozi ya mikono yake ilining'inia. Mumewe, Makoye, alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita kabla nzige hawajaja, na tangu hapo hakuleta hata salamu. Mtoto wao aliitwa Limi. Limi alikuwa amekwisha kuanza kutembea, lakini njaa ilipoingia akaacha, akarudi kubebwa mgongoni. Macho yake yalikuwa makubwa na alitazama kila kitu bila kukigusa, isipokuwa maua yangu.

"Mdogo wangu," Mbuke aliniambia siku ya kwanza, akikoroga chungu, "haya maua yana faida gani? Hayanuki, hayazai."

"Yanapendeza."

"Ni kweli. Limi amekwisha kula moja."

Nikageuka. "Lipi?"

"La waridi. Tazama midomo yake, leo yeye ndiye bibi harusi."

Midomo ya Limi ilikuwa myekundu kweli, na petali moja ilikuwa bado imekwama shavuni. Nikacheka, jambo ambalo silifanyi mbele ya watu nisiowajua. Nikamtengenezea Limi ua lake mwenyewe, jekundu, nikalichovya nta nene ili asiweze kulitafuna. Mbuke alilichomeka kwenye nyasi za kibanda chake, juu ya mahali mtoto alipolala, apate kulitazama.

Mbuke alikuwa akichukua unga. Nilimwona siku ileile ya kwanza. Bi Mwamvua alitoa unga wa muhogo asubuhi katika bakuli la kaure, na Mbuke alipouchukua kwenda jikoni aligeukia ukuta, akateka konzi moja na kuifunga kwenye pindo la kaniki yake. Niliongeza maji katika rojo. Rojo jepesi linashika vilevile, ila lazima ulishikilie karatasi kwa muda mrefu zaidi mpaka likubali. Kwa hiyo nilishikilia. Hatukulizungumza jambo hilo, isipokuwa siku moja alipokuwa akifunga nguo yake kiunoni ili aende nyumbani, akaniambia bila kunitazama, "Mdomo wako mzuri. Haufunguki ovyo."

Bi Mwamvua naye hakuwa mjinga. Alikuja akasimama nyuma yangu, akayatazama maua yaliyopangwa juu ya jamvi, akalitazama bakuli.

"Unga ninaotoa kila siku unabandika vitu hivi tu?"

"Kitanda cha besera ni kikubwa, Bi."

"Besera hujaigusa bado."

"Minyororo ni mirefu."

"Naam," akasema. "Mirefu."

Kulikuwa na jambo lingine lililomkera. Siku ya Maulidi iliyopita alipamba ukumbi wake kwa minyororo ya karatasi, akaalika watu, na panya wakapanda darini wakala rojo. Wakati mwalimu anasoma, mnyororo mzima ulikatika ukamwangukia kwenye kilemba. Alisoma mpaka mwisho akiwa ameuvaa. Wanawake wa mjini bado waliisimulia habari hiyo, na baadhi yao waliisimulia palepale uani kwake wakichambua mchele wake.

"Safari hii mwalimu aje na mwavuli," alisema mmoja, na wengine wakaficha vicheko vyao katika kanga.

Bi Mwamvua aliwasikia. Hakucheka. Bwana harusi, Sabiti, alikuwa mtu wa fedha mpya. Aliwauzia vyakula watu wa machimboni, na jamaa zake walikuwa wanakuja kutoka mbali kuitazama nyumba atakayooa. Mapambo ya kitanda yalipaswa kukaa muda wote wa fungate bila kuanguka hata ua moja.

*

Asubuhi ya siku ya harusi unga wa ngano ukatolewa. Bi Mwamvua hakumtuma mtu. Aliuleta yeye mwenyewe katika bakuli lililofunikwa kitambaa, akamkabidhi Mbuke mkononi.

"Upike wote," akasema.

"Ndiyo, Bi."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia katika chumba cha bibi harusi, nimepanda juu ya kiti nikifunga kamba kwenye nguzo za besera, lile hema la kitambaa juu ya kitanda. Mwaisha alikuwa amekaa pembeni nyuma ya pazia pamoja na kungwi wake, bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akimsugua liwa. Sikumwona Mwaisha, nilimsikia tu akipiga chafya kwa moshi wa udi. Mbuke alileta rojo katika sufuria, akaiweka sakafuni. Siku hiyo hakuwa na Limi mgongoni.

"Yuko wapi?" nikamwuliza.

"Nimemlaza nyumbani, jirani anamtazama. Mwili wake una moto kidogo. Nimeomba ruhusa, narudi jioni kwenye ngoma." Akainama karibu na sikio langu. Pindo la kaniki yake lilikuwa na fundo, kubwa kuliko siku zote. "Leo atakula chakula cha Wazungu," akasema, akatoka.

Nikaanza na maua meupe. Nilipaka rojo kwenye kikonyo, nikalikandamiza ua kwenye kitambaa cha besera, nikahesabu moyoni kimya, nikaachia. Lilishika vizuri. La pili, la tatu, nikasonga mbele mpaka nikamaliza upande mmoja. Jua lilikuwa limepanda na mwanga uliingia dirishani ukalala juu ya kitanda. Nikarudi nyuma kidogo nitazame.

Maua ya mwanzo yalikuwa yamekauka, na kwenye shina la kila ua palikuwa na rangi. Haikuwa nyingi, ila ilionekana: kijani kinachokwenda kwenye samawati, kama maji yaliyooshewa nguo nyeupe. Nikadhani ni buluu. Mama mdogo alitumia buluu katika kufua, nami nilihofu huenda niliishika nyumbani kabla ya kuja. Nikanusa vidole vyangu. Nikachovya ncha ya kidole katika rojo na kuigusa kwa ulimi, kama Sista alivyonifundisha kulipima rojo lisiwe limechacha.

Lilikuwa na ladha ya chuma. Nilitema kwenye kanga yangu.

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kuingia kutazama. Bi Mwamvua aliingia pamoja nao, amevaa vizuri, amejitia hina. Nilimwonyesha shina la ua.

"Bi, rojo limeharibika. Limeingia rangi."

"Halijaharibika. Haionekani kwa mbali." Akawageukia wenzake, na sasa alikuwa anacheka. "Nimetia mrututu. Ule wa samawati wa kutibia vidonda. Safari hii nataka nimwone huyo panya atakayepanda besera ya mwanangu. Akiramba tu, kwisha."

"Afadhali," mmoja akasema. "Panya wa mwaka huu wana njaa kuliko sisi."

"Na wale wa miguu miwili nao," Bi Mwamvua akaendelea. "Unga wangu umepungua tangu kazi hii ianze, na mimi sioni anayekula. Basi leo atajulikana. Atatapika mbele ya wageni."

Wakacheka wote. Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti, sufuria mkononi.

"Bi," nikasema, "umetia kwenye rojo?"

"Nini? Sema usikike."

"Mrututu umeutia kwenye rojo, au kwenye unga?"

"Kwenye unga. Nimeusaga na kuuchanganya kwa mkono wangu."

Koo lilifunga. Nililijua kufunga kwake, lilikuwa lilelile la shuleni, kama mtu ameniwekea kidole ndani. Nyuso zao zote zilikuwa zimeinuliwa kunitazama kwa kuwa nilikuwa juu. Nikashuka kwenye kiti. Nilipokanyaga sakafu ndipo nikaweza.

"Mbuke ameupeleka nyumbani."

"Ahaa," Bi Mwamvua akasema. "Kumbe ni Mbuke. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Ameupeleka kwa mtoto, Bi. Anampikia uji."

Hapo hakuna aliyecheka. Kungwi akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mtoto mkubwa?"

"Wa kubebwa."

"Mrututu ni dawa," Bi Mwamvua akasema upesi. "Watu hupewa watapike. Atatapika, basi, na mama yake atakoma. Leo ni harusi. Usiniletee maneno ya kilio ndani ya chumba cha mwanangu. Panda kiti umalize kazi."

Nikaweka sufuria chini, na mkasi juu ya kitanda. Sikujua nifanye nini baada ya hapo. Nilijua tu kwamba siwezi kupanda tena kile kiti. Ndipo nikasikia sauti ya Mwaisha.

"Mpeni maziwa yangu."

"Nyamaza," mama yake akasema. "Bibi harusi hasemi."

Upande wa chini wa pazia ukasogea. Mkono wenye hina mbichi ulisukuma bakuli la maziwa sakafuni, yale aliyowekewa anywe ili apate nguvu, na hina ikapaka ukingo wa bakuli, nyingine ikamwagika sakafuni. Kungwi alitoka akalichukua, akanipa mikononi. "Nenda, mwanangu," akasema. "Maziwa yanavunja sumu. Mpe yote."

Bi Mwamvua hakuniziba njia. Alikuwa akiitazama ile hina iliyomwagika sakafuni.

*

Nilitaka kukimbia, lakini bakuli lilikuwa limejaa. Nilitembea katikati ya mji nikiwa nimelishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, na watu waligeuka. Maziwa yalikuwa hayaonekani mjini. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha duka alisimama akanifuata hatua chache, halafu akasimama tena, akaona aibu. Mwanamke mmoja aliniomba nimpe kidogo tu kwenye kiganja. Nilimwambia ni dawa ya mtoto. Akasema na wake ni mtoto.

Kibanda cha Mbuke kilikuwa ng'ambo ya reli, nyuma ya ginari ya pamba. Mabehewa yalikuwa yamesimama njiani, marefu, yakizuia kivuko, na sikuona mwisho wake. Nikainama nikapita chini, kati ya behewa na behewa. Chuma kikanigonga mgongoni, maziwa yakamwagika kwenye kokoto. Yaliyobaki yalikuwa nusu. Baada ya hapo nilikimbia.

Mbuke alikuwa amekaa nje ya kibanda, miguu ameinyoosha, Limi amelala juu ya mapaja yake. Chungu kidogo kilikuwa kando, kimekwanguliwa mpaka kikawa safi. Mbele yao ardhi ilikuwa na madoa ya samawati.

"Melania," akasema. "Kazi imekwisha?"

"Amekula?"

"Amekula wote. Tangu tulipovuna viazi vya mwisho sijamwona akimaliza chakula. Mwanzoni alikataa, akageuza uso, nikamshika pua nikamnywesha." Akafuta kinywa cha mtoto kwa pindo la nguo. "Halafu akautapika. Nadhani tumbo limeshangaa, halijazoea kitu kizuri. Sasa amenyamaza."

"Na wewe umeula?"

"Nimekwangua chungu. Ulikuwa na ladha ya jembe, na rangi yake si ya unga wetu." Alinitazama, na nikaona kwamba alikuwa ameanza kuelewa kutoka usoni mwangu. "Nilidhani ndivyo ngano ilivyo. Sijawahi kula ngano mimi."

Nikapiga magoti. Nikamwekea Limi kinywani ukingo wa bakuli lile lenye hina. Maziwa yaliingia yakatoka pembeni. Nikachovya kidole nikamsugulia ulimi. Mbuke alimkalisha, akampapasa koo kwa kidole kwenda chini, kama wanavyofanya kwa ndama asiyetaka kumeza. Akameza kidogo. Tukangoja. Akameza tena kidogo, halafu yote yakarudi, na safari hii yalikuwa na damu.

"Maziwa ya nini?" Mbuke akauliza. "Niambie."

Nikamwambia. Sikupunguza neno.

"Mrututu wa vidonda?"

"Ndiyo."

"Aliutia makusudi?"

"Kwa ajili ya panya. Na kwa ajili ya anayechukua."

Hakupiga kelele. Alimgeuza Limi akamlaza kifuani kwake, akaanza kumtikisa polepole, akimwita kwa Kisukuma, ng'wanawane, mwanangu, ng'wanawane. Jirani yake alikuja akakaa nasi. Kutoka mjini tulisikia ngoma za harusi zikianza, na vigelegele, na Mbuke akaongeza sauti yake kidogo ili mtoto aisikie yeye badala ya ngoma. Kabla jua halijagusa paa la ginari, Limi alinyoosha mguu mmoja, kama mtu anayetaka kushuka kutoka mgongoni, na hakuukunja tena.

*

Tulimzika asubuhi. Mjini ilisemwa ni homa. Ilisemwa pia kwamba mama yake ni mwizi, na watu waliosema hili na waliosema lile walikuwa haohao. Mama mdogo alinisihi nisijiingize, tunafua nguo za nyumba zile, tutakula nini. Sikwenda kwa mtu kumtangazia. Lakini kila aliyeniuliza nilimjibu ni mrututu, na ulitiwa na nani, na kwa nini. Wengi waliuliza mara moja tu.

Fungate ilipokwisha nikaitwa niondoe mapambo. Mama mdogo alisema nisiende. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuyaondoa mimi.

Hakuna panya aliyeyagusa. Minyororo ya ukumbini, ile ya rojo la muhogo, ilikuwa imetafunwa na kuning'inia vipande vipande, lakini besera ilikuwa kama nilivyoiacha: upande mmoja umejaa maua meupe, upande wa pili mtupu, na vitambaa vya pazia vimevutwa kuficha pengo. Maua yalikuwa yameshika sana. Ikabidi niyalowanishe kwa maji moja moja, na maji yaliyonitiririkia mikononi yalikuwa na ile rangi. Mwaisha hakuwapo, alikuwa amekwisha kuchukuliwa na mumewe.

Bi Mwamvua alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Nilidhani atatapika tu," akasema.

Niliendelea na maua.

"Sisi kwetu mtu akiumwa tumbo hupewa. Mimi mwenyewe nilipewa utotoni." Akangoja. "Hata jina la mtoto nilikuwa silijui."

"Limi."

"Najua sasa."

Akatoka, akarudi na kapu. Ndani mlikuwa na unga, mwingi, umefunikwa kitambaa kilekile. Akaliweka karibu na miguu yangu.

"Mpelekee. Ni safi. Sikutia kitu."

"Mpelekee wewe, Bi."

"Siwezi kumtazama," akasema, na akaondoka kabla sijasema lingine.

Maua niliyachimbia shimo uani, nikayafukia, mbuzi wasije wakayala. Kisha nikachukua kapu.

Mbuke alikuwa anafunga vitu vyake. Havikuwa vingi: chungu, jembe lisilo na mpini, kipande cha mkeka. Alisema anakwenda Geita kwa miguu akamtafute Makoye, maana mtu lazima amwambie. Ua jekundu lilikuwa bado limechomekwa kwenye nyasi za kibanda, na halikuwa katika vitu alivyofunga.

Nikaweka kapu chini. Akafunua kitambaa, akautazama unga, akafunika.

"Umetoka kwake."

"Ndiyo."

"Amesema nini?"

"Amesema ni safi."

"Wewe unaambiwa mambo mengi," Mbuke akasema.

Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa njaa. Mishipa ya shingo ilionekana. Safari ya Geita ni ya siku nyingi, na njia nzima nzige walikuwa wamekwisha kupita. Alikaa upande mmoja wa kapu, mimi upande wa pili, na alilitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Nikafunua kitambaa. Nikateka unga kwa mkono, konzi nzima, kama alivyokuwa akiteka yeye, nikautia kinywani. Ulikuwa mkavu, ukanikaba, nikakohoa, nikautafuna na mate mpaka ukawa rojo. Nikameza. Nikateka tena, nikameza.

Hakunizuia. Alikuwa akinitazama kinywa, halafu macho, halafu mikono yangu niliyoiweka juu ya tumbo. Kivuli cha kibanda kilitoka kwenye miguu yetu kikafika kwenye chungu kilichofungwa.

"Unasikiaje?" akauliza mwishowe.

"Nina kiu."

"Basi?"

"Basi."

Akakifungua chungu kutoka kwenye mkeka. Akakusanya vijiti vilivyobaki, akawasha moto, akateleka maji. Alipomimina unga alinusa mvuke, akaukoroga, akautazama rangi katika mwanga, akaukoroga tena. Ulipoiva alinimiminia mimi kwanza katika kibuyu chake.

"Kunywa," akasema. "Nami nitakaa hapa nikuone."

Nikanywa. Akangoja tena, kibuyu kikiwa kitupu mikononi mwangu, uji ukipoa katika chungu. Halafu akanyoosha mkono apokee kibuyu.